Miwani Mizito ya Bibi Somoe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, bibi yangu Somoe alimkaribisha mbuzi ndani. Alisikia miguu mlangoni, akaona kitu cheupe, akadhani ni kanzu. "Karibu, pita uketi," akasema. Mbuzi hakujivunga. Alipita, akaanza kuutafuna mkeka ambao Bibi alikuwa akiushona. Tulicheka, na yeye akatushinda kwa kucheka. Lakini baadaye nilimkuta peke yake, anapapasa ukili uliobaki, mashavu yamelowa.

"Mkeka ule ulikuwa wa mwanao, mke mwenzangu," akaniambia. Ndivyo bibi zetu wanavyotutania wajukuu wa kike.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ilikuwa miaka ya ujamaa, tumehamia kijiji cha Miteja karibuni, nyumba zimepangwa mstari, shamba la korosho ni la wote. Katika ukoo wetu Bibi ndiye aliyemwogesha kila mtoto aliyezaliwa. Mimi mwenyewe nilipita mikononi mwake. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, utando mweupe kama tui. "Nitamwogeshaje nisiyemwona?" akauliza. 

Mganga wa zahanati akatuambia kwamba katika hospitali moja ya misheni, huko milimani, yuko daktari anayeutoa utando ule kwa kisu. Babu yangu Mbaruku akakataa katakata. "Jicho ni yai," akasema. "Ukilitoboa limemwagika."

Bibi akamgeukia. "Yai lenyewe viza, Mbaruku. Unaogopa kimwagike nini?"

Babu akatufungia mzigo wa safari. Tukapanda lori, mimi na Bibi, njia yote mashimo na makorongo, yeye kanishika tumbo kama kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Tiba ya enzi zile, mwanangu, ilikuwa ya kuvumilia. Daktari alikitoa kile kioo cha ndani ya jicho kilichoingia ukungu, na mahali pake hakuweka kitu. Mgonjwa akalazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, marufuku kukohoa, marufuku kucheka. Kumkataza Bibi Somoe kucheka! Na kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Kiswere, mdomo wake haujui likizo. Bibi akamwita muuguzi: "Binti yangu, mhamishe huyu, atanipasua jicho kwa visa vyake." Hakuhamishwa, na jicho halikupasuka. Mvumilivu hula mbivu. La pili nalo likafanyiwa vivyo hivyo.

Mwisho akapewa miwani, mizito kama kitako cha chupa. Akanitazama kitambo. "Mbona tumbo kubwa hivi? Wamo wangapi?" Miwani ile ilivikuza vitu na kuvisogeza. Tulipofika nyumbani, Babu alisimama kizingitini. Bibi akamkagua kuanzia kofia hadi makubadhi.

"Mbaruku! Umezeeka hivi na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenikimbia," Babu akajibu, akimshika mkono kumwingiza ndani.

Basi ukaja msimu wa chai kumwagika. Bibi aliona kikombe kiko hapa, kumbe kiko pale. Kuku alimdhania bata mzinga. Akiivua miwani, dunia inarudi ukungu. Wageni walipokuja nilimwonea haya, nikamnong'oneza: "Bibi, ivue kidogo, watu wanatazama."

Akaiweka birika chini. "Mke mwenzangu, chai iliyomwagika nitaifuta. Giza nilifute kwa kitambaa gani? Niache nimwage mpaka mkono uijue njia."

Tangu hapo nilimwona uani akimimina maji kutoka kopo hadi kopo, akikosa, akicheka, akirudia. Binti yangu alipozaliwa, Bibi ndiye aliyemwogesha, na hata tone halikuingia sikioni mwa mtoto. Akamsogeza karibu na ile miwani, akamtazama mpaka basi. "Pua ya Mbaruku," akasema. "Maskini wa Mungu!" Chumba kizima tukavunjika mbavu, Babu akiwa wa kwanza.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Juzi juzi mtoto wa jicho alinijia mimi. Daktari wangu, binti mdogo mwenye ushungi, alinipima jicho kwanza ili kujua lenzi ya kunifaa, yaani kioo cha kuwekwa mahali pa kile chenye ukungu. Lenzi yenyewe ni kijidude laini, hakizidi punje ya dengu. Huikunja, huipitisha kwenye kitundu kidogo, nayo hujikunjua humo ndani kama jani changa. Za kwanza zilikuwa ngumu, akanieleza, zikitaka jicho likatwe sana na kushonwa. Bandu bandu huisha gogo. "Unataka kuona mbali au karibu, bibi?" akauliza. Nikamwambia mbali, nimjue anayekuja kuomba chumvi kabla hajabisha hodi. Nikarudi nyumbani siku ile ile. Kwa kusoma msahafu nina miwani, myepesi kama unyoya.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usiingoje nafuu ikamilike ndipo uipokee. Muulize mjuzi, ichukue iliyopo, kisha ujifunze kuitumia, hata wenzako wakicheka. Lenzi hizi za leo zimetokana na waliokubali kulala chali zama za mifuko ya mchanga. Mficha maradhi kilio humfichua. Na mzazi wako akianza kupapasa ukuta, usimwambie ni uzee tu. Mshike mkono, mpeleke kwa daktari wa macho, na ukae naye hapo.

Mola akujaalie umri mrefu na nuru ya kuutazamia. Akuzeeshe ukiwajua wajukuu zako kwa nyuso zao, na wao wafurahie kukuona ukiwaona. Amin.