Jioni Shangazi Alipokataa Kuitika

Harufu ya mpunga unaochanua, ikichanganyika na matope na moshi wa kuni mbichi, ndiyo harufu ya kijiji chetu, kule bondeni upande wa Ngorongo. Msimu wa mpunga tulihamia kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kila familia katikati ya shamba lake, maji ya Rufiji yakipita chini. Mchana tulifukuza ndege, usiku nguruwe. Kumfikia jirani ni mtumbwi. Basi jua likielekea kuzama tuliitana. Mzee Salumu, wa juu kabisa ya mto, alimwita Bi Tatu. Bi Tatu akiitika "Nipo!" anamwita Bakari Kipara, Bakari anamwita Mama Sikujua, Mama Sikujua anamwita baba yangu, na baba anamwita dada yake, Shangazi Mwajuma, mjane aliyekaa peke yake konani, mwisho wa kijiji. "Nipo" ya Shangazi ikitoka, ndipo vyungu vinafunuliwa. Kabla ya hapo, mtoto alie atakavyo, hakuna anayekula. Kwetu sisi watoto, sauti ya Shangazi ilikuwa ndiyo wali wenyewe.

Jioni moja baba akaita, "Mwajumaaa!" Kimya. Akaita tena. Vyura tu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wiki ile ile mamba alikuwa amechukua mbuzi pale pale konani. Mama akaweka mwiko chini. Baba akafungua mtumbwi, nami nikarukia ndani nikilia, asiweze kunirudisha. Alisukuma pondo kwa nguvu zake zote. Mimi nilikuwa nasoma Kulhuwallahu, sura pekee niliyoijua, naikosea, naianza upya.

Tukamkuta dunguni kwake, kakaa, mikono kifuani, mdomo kaufumba.

"Dada! Mbona huitiki?"

"Si Salumu kapita hapa asubuhi kasema sauti yangu ya chura? Basi mwiteni chura."

"Salumu mtani wako, Dada! Watu wote huko hawajala, wanadhani umekufa."

"Na mimi je, nimekula?" Akatuonyesha chungu chake, wali na kambale, kifuniko hakijaguswa. "Nitakulaje na watu hawajatimia?"

Baba alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nami nikapanda ngazi, nikamkumbatia miguu, nikamwomba, "Shangazi, itika, nina njaa." Akasimama, akakaza kanga, akatoa "Nipooo!" iliyorusha korongo katika mpunga mzima. Tukasikia vifuniko vikilia, na maneno yakishuka dungu kwa dungu mpaka kwetu: "Salumu anasema, chura kaitika!" Shangazi akaangua kicheko, akanipakulia wa kwanza.

Leo nakaa Kibiti, kando ya lami. Watu ni wengi, siwezi kuwamaliza kwa kuwataja, na kila mmoja anakula saa yake, sahani mkononi, simu sikioni. Siwalaumu, wameshiba, alhamdulillahi. Ila jioni, nikishaepua chungu, nawaita wangu kimoyomoyo kwa mpango ule ule: Mzee Salumu, Bi Tatu, Bakari Kipara, Mama Sikujua, baba. Nikifika kwa Shangazi nasita, mkono juu ya kifuniko.

"Bibi, funua bwana, wali unapoa," ananiambia mjukuu wangu Zuhura.

"Ngoja kidogo, mwanangu," namwambia. "Huenda kanuna tu."