Aloisi na Kanisa la Mlimani Lyon

Sisi tuliokulia miteremko ya Kilimanjaro hatukununuliwa mchezo hata mmoja. Ulikata shina la mgomba, ukalilowesha kwa maji ya mfereji, ukakaa juu yake na kuserereka hadi bondeni, na ukifika bondeni kaptura ilikuwa imebaki njiani. Wajukuu zangu hapa Scarborough, Kanada, wana mteremko wa plastiki, chini umetandikwa mpira wasije wakaumia, na bado wanakaa pembeni na simu. Ukiwauliza kwa Kiswahili, wanakujibu kwa Kiingereza, tena kwa huruma.

Bingwa wa mgomba alikuwa Aloisi. Kaptura yake ilikuwa na viraka hata hujui kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Mama yake ndiye aliyevishona, na tukirudi na matope alitufukulia ndizi kwenye majivu akisema, "Kuleni kwanza, fimbo haiozi."

Mnaona, nilitaka kusema habari za Ufaransa, nimejikuta jikoni kwa mama Aloisi. Mnivumilie. Shule niliishia la nne, nasimulia kama ninavyotembea. Lakini bila mama huyo, Ufaransa yenyewe hamtaielewa.

Alikuwa mke wa pili. Enzi zile mke wa pili hakupewa komunyo, alikaa benchi la nyuma kabisa. Hata hivyo, kanisa la misheni lilipojengwa, alibeba mawe kichwani kutoka mtoni kama wanawake wengine. Alipofariki tukampandisha hadi mlango wa kanisa. Katekista akatoka, akasema kwa upole kabisa kwamba padri amekataa. Tukageuka naye, akazikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, bila misa. Aloisi hakulia. Ila tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani.

Uzeeni watoto wetu wakatuvuta Toronto, mimi huku Scarborough, yeye Weston, upande wa pili wa mji, mbali kama safari ya sokoni ya zamani. Kila Jumapili alipanda treni na mabasi kunisindikiza misa ya Kiswahili, kisha akabaki nje na kahawa yake, hata theluji ikianguka. "Nenda, mzee wa sakramenti," ananiambia. "Wakiniulizia, sema sijambo." Mimi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: Aloisi aingie, japo mara moja, kabla mmoja wetu hajatangulia.

Basi miaka ile simu zilipokuwa bado na vitufe, jumuiya yetu ikapanga hija ya Lyon, huko Ufaransa. Aloisi akasema atakuja kuangalia mito na kula mkate. Nikajisemea moyoni, huko huko ndiko atakakonaswa.

Ndugu zangu, nimeona. Kanisa kuu la pale bondeni, mawe yake yamechongwa kama vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walitandika kwenye viti. Ndani mna saa ndefu kuliko nyumba tuliyozaliwa, na juu yake jogoo, na jogoo akawika. Nikatoka mbio kumwambia Aloisi, alikuwa ameketi ngazini.

"Basi humo ndani kuna mtu amemkana Bwana," akasema. "Mimi niko nje, msinitafute."

Kesho yake tukapanda mlimani kwa treni ndogo inayovutwa na kamba ya chuma. Juu kuna kanisa jingine, na Bikira Maria wa dhahabu anautazama mji wote. Mama Odile, Mkongo aliyekuwa anatuongoza kwa kuwa Kifaransa anacho, akamshika Aloisi mkono. "Papa Aloisi, ingia uone. Kuona si kusali." Na Aloisi, sijui ni upepo, sijui ni nini, akavua kofia, akaingia.

Mle, kuta zote ni vijiwe vidogo kama punje za mtama, bluu, kijani, dhahabu, vimepangwa kimoja kimoja mpaka vikawa malaika, meli na wafalme. Nilifungua mdomo nikasahau kuufunga. Utotoni tuliapa kwamba kanisa letu la bati ndilo kubwa kuliko yote duniani, na Jumapili lilijaa hadi wengine wakasali madirishani. Hapa, penye utukufu wote huu, watu walikuwa na kamera, na waliopiga magoti ni bibi wawili tu.

Nikageuka. Aloisi alikuwa amesimama katikati, shingo imepinda nyuma, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Nikamsogelea nikamnong'oneza, goti moja tu, ndugu yangu, umeshafika. Akanishika mkono.

"Ni pazuri kuliko nilivyodhani," akasema. "Nisipotoka sasa hivi nitapiga magoti. Na nikipiga magoti, mama nimemwacha mlangoni."

Akavaa kofia humo humo ndani, akatoka polepole bila kugeuka. Tulirudi Toronto ndege moja, tukicheka kama kawaida. Jumapili iliyofuata nilimsubiri nje ya kanisa mpaka wimbo wa kuingia ukaisha. Hakuja, na hakuja tena; hata nje ya kanisa sasa aliyaogopa magoti yake.