Vidole vya Mjomba na Mashine Mbili

Siku niliyoshuka kutoka Kisarawe kwenda kuanza ukarani katika shamba la mkonge huko Kwala, mama hakuniambia nijitunze. Alinifungia mihogo ya kuchoma kwenye kitambaa, akasema, "Mjomba wako yuko kwenye mashine ya brashi. Nirudishie kaka yangu na vidole vyake kumi."

Nilidhani anatia chumvi, mpaka nilipoiona mashine yenyewe. Ilikuwa ngoma ya chuma yenye meno, ikizungushwa na mkanda mrefu uliotoka kwenye injini. Mtu alishika fungu la nyuzi kavu za mkonge, akalilisha kinywani mwa ngoma, akalivuta, akaligeuza. Nyuzi zilitoka laini, zinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Lakini zikijizungusha kwenye kiganja, mkono nao ulikwenda. Nilikuta watu wawili pale shambani wanaokula kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Meza yangu ilikuwa chumba cha pili. Sauti ya ngoma ilipopungua kidogo, kama imekamata kitu, vidole vyangu viliganda juu ya taipu mpaka ipande tena. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi mwaka mzima, nikiandika kwa macho na kusikiliza kwa tumbo.

Mjomba aliogopa pia, ila yeye hofu yake aliifanyia kazi. Nyumbani Kisarawe banda lake la kuku lilikuwa na mlango mwembamba: kuku anapita, ngawa anabaki nje. Akachonga ubao wenye ufa kama ule, akaufunga kwa skrubu nne mbele ya kinywa cha ngoma. Nyuzi zilipita. Kiganja hakikupita. Wiki zile nilipata usingizi.

Kisha akaja Mmarekani, mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza mashine. Alikuwa mtu mchangamfu, shati limelowa jasho mgongoni. Aliutazama ubao kwa muda, akapiga mluzi.

"Huu ni uvumbuzi," aliniambia nimtafsirie. "Aliyeutengeneza aandike jina lake hapa. Tutausajili Marekani, na sheria itaulinda. Hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuuiga."

Alitoa karatasi. Ilisema kwamba chochote kitakachoongezwa kwenye mashine ile ni mali ya kampuni, na kwamba kisitumiwe wala kuonyeshwa kwa mtu wa kampuni nyingine mpaka kibali kitoke makao makuu.

Mjomba alirudi nyuma hatua mbili. "Jina langu halikai kwenye karatasi yao. Baba aliandikwa jina wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, akabebeshwa mizigo. Kaburi lake hatulijui."

"Hii si ya vita, mjomba."

"Hata ile walisema si ya vita." Akaugeukia ubao. "Muulize, huku tunasubiri hicho kibali, ubao unabaki?"

Mmarekani alikuna shavu. Haukubaki. Aliufungua mwenyewe, akaufunga kwenye gazeti kwa uangalifu, kama anayebeba yai. Nafasi ya jina la mvumbuzi ilibaki tupu. Nafasi ya shahidi nilitia sahihi mimi. Zilibaki tundu nne za skrubu, na mbele ya tundu zile, mikono mitupu ya mjomba.

Miezi miwili baadaye mwenye shamba aliletewa mashine ya Kijapani kwa majaribio, ikawekwa ubavuni mwa ile ya kwanza. Aliyekuja nayo alikuwa mzee mfupi, aliyelala chini ya injini mpaka mgongo ukawa mweusi kwa mafuta. Hakuleta karatasi ya sahihi. Alitundika daftari kwenye msumari kwa kamba. Kila siku, alisema kwa Kiingereza cha kubabaisha, kila mtu ataje kasoro aliyoiona, hata ndogo, na karani aandike. Majina hayatakiwi. "Mashine hii haijaisha," alisema. "Nitarudi baada ya mwezi kuimalizia pamoja nanyi."

Nilipotafsiri, watu walitazamana. Muuza bidhaa anayesema bidhaa yake haijaisha hatukuwa tumemwona.

Mjomba alihamishiwa kwenye mashine ile. Kasoro yake aliijua siku ya kwanza: mpini wa kusimamishia ulikuwa nyuma ya mtu anayelisha. Lakini kila jioni nilipomuuliza, alisema, "Andika haina kasoro. Mtu katoka kwao mbali, amekuletea kitu, wewe umtajie ubaya wake?" Wote walijibu hivyohivyo. Nikaandika haina kasoro, haina kasoro, ukurasa baada ya ukurasa.

Siku ya ishirini na kitu, sauti ilishuka na haikupanda. Nilikimbia. Nyuzi zilikuwa zimekamata mkono wa shati la mjomba, naye akipapasa nyuma kwa mkono wa pili, akitafuta mpini asioufikia. Mtani wake, Mnyamwezi aliyelisha mashine ya jirani, aliuchokonoa mkanda kwa mti mpaka ukatoka kwenye gurudumu. Ngoma ilizunguka taratibu, ikasimama. Ukucha mmoja ulibaki kwenye meno.

"Mzaramo," mtani alisema akihema, "ungekufa leo, pilau ya matanga yako ningeila peke yangu."

Jioni nilifungua daftari. Mjomba, kidole kimefungwa kitambaa, alisema, "Haina kasoro."

Mjapani aliporudi alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeandika barua asijibiwe. Aliuliza mara moja zaidi. Ndipo yule Mnyamwezi akajitokeza.

"Mwambie leo namfanya mtani wangu, asije akakasirika. Mwambie mashine yake kaitengeneza mtu mwenye mkono mgongoni."

Nilitafsiri nikiwa na hakika nimefukuzwa kazi. Mzee hakucheka. Alikwenda mbele ya ngoma iliyosimama, akaweka mkono wa kulia kinywani mwa mashine, akanyoosha wa kushoto nyuma. Haukufika. Akajaribu tena. Kabla ya alasiri mpini ulikuwa mbele, karibu na goti.

"Na kingine?" aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye zile tundu nne za mashine ya Marekani.

"Mwambie habari za ubao," mjomba alisema.

"Mjomba, nimetia sahihi."

"Sahihi umetia wewe. Vidole ni vyangu."

Nikamwambia. Siku ileile ubao mpya ulifungwa kwenye mashine yake, na hakuna aliyeuliza ni wazo la nani.

Mwaka uliofuata kinga ya chuma ilifika kutoka Marekani, imepakwa rangi ya kijani, imepigwa namba ya usajili. Ilikuwa imara kuliko ubao wowote. Mjomba aliigusa ufa wake. "Mlango wa banda langu," alisema, akarudi kazini.

Idi ile tulipanda pamoja Kisarawe. Mama alimshika kaka yake mikono hata kabla ya kuamkiana, akapitia kidole kimoja kimoja. Kwenye kile kisicho na ukucha alinitazama, akaendelea mpaka kumi.

Nakala ya karatasi ile niliyotia sahihi ninayo hadi leo. Gari likisimama mbele ya nyumba, bado nasikiliza kwanza mlango wa dereva unafunguliwa upande gani: wa kulia kama magari yetu, au wa kushoto kama ya Wamarekani.