Kanisa Kando ya Mashine ya Unga

Mimi sikusoma. Darasa la nne niliachia katikati, nikaenda kuwa fundi wa mawe Homa Bay. Lakini kanisa la Migori nililianzisha mwenyewe, na walimu wa shule wameketi mbele yangu wakinisikiliza. Sifichi.

Wazee wa kanisa letu Homa Bay walinipa miezi mitatu. "Ukikosa watu ishirini, unarudi kushika mwiko wako," mwenyekiti wao akaniambia. "Migori ni mji wa wafanyabiashara, omera, ndugu yangu. Watakucheka."

"Wacheke wakiwa kwa benchi langu," nikamjibu.

Nilifika Migori Jumamosi. Karibu na soko nikaona chumba kikubwa, kimya kabisa, hata kuku akikwaruza nje unamsikia. Mwenye nyumba, mzee Msabato, alikuwa ametoka kusali na akakataa maneno ya biashara mpaka jua litue. Jua likatua, tukaelewana. Mimi na akili yangu yote sikujiuliza kitu.

Jumapili iliyofuata nikafungua Biblia mbele ya mke wangu na watu wanne. Chumba cha pili kikanguruma. Ilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Ukuta ukatetemeka, vumbi la unga likapita kwa nyufa, kurasa zikawa nyeupe.

Nikamwendea yule mzee. "Jaduong', leo ni siku ya Bwana."

"Siku ya Bwana ilikuwa jana," akasema, akiendelea kumimina mahindi. "Njoo Jumamosi, pasta. Utakuta mashine imelala."

Mke wangu akasema tutafute kwingine. Nikakataa. Habari kwamba nimeshindwa na mahindi haingefika Homa Bay nikiwa hai.

Nje kulikuwa na foleni ya akina mama, wamesimama juani na madebe yao. Nikatoa mabenchi yangu, niliyoyapigilia misumari mwenyewe, nikayapanga kwa baraza. "Keti, mama. Foleni yako naichunga mimi." Mashine ikinguruma, tuliimba. Ikinyamaza wabadilishe gunia, nilihubiri haraka haraka, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Siku moja mama mmoja akanishika koti. "Pasta, unga wangu uko tayari na yule mwenye ukoma wa mahubiri yako bado hajapona. Malizia."

Miezi mitatu ilipoisha, mwenyekiti akaja Jumapili na daftari lake. Baraza lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Akahesabu, akapita ishirini, akafunga daftari.

"Hawa si waumini wako. Wamekuja kusaga."

"Uliza huyo mama debe lake liko wapi."

Akamwinamia, akamuuliza. Mama akamwonyesha mikono mitupu.

"Nilisaga Ijumaa, jaduong'. Sogea kidogo, unaniziba."