Siku Kumi za Popi

Mbwa aliyelowa mvua ana harufu ambayo watu wengi huikunjia pua. Mimi naipenda, na sioni haya kusema hivyo, ingawa ndugu zangu wa Kondoa wakija kunitembelea hunisogelea kwa tahadhari na kuniuliza kama nimebadilisha nguo tangu nitoke kazini. Mimi ni daktari wa mifugo. Ng'ombe ndio wanaonipa kazi nyingi, mbuzi wanafuata, lakini nikiulizwa nani alinifikisha kwenye kazi hii sitaji ng'ombe wala mbuzi. Namtaja mbwa mmoja wa jirani yetu wa Nakwa, mkubwa, wa rangi ya majivu, mwenye sikio lililochanika, aliyepewa jina la Popi, jina la mbwa mdogo, wakati bado anaenea kwenye kiatu. Alipokua jina halikumfaa tena, ila hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Harufu yake baada ya mvua ndiyo niliyoijua kwanza, kwa sababu ilipenya kwenye ua wa minyaa kabla yeye mwenyewe hajapenyeza pua.

Ulikuwa mwaka ule mkoa wetu ulipozaliwa. Tulilala tukiwa watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara, na Babati yetu, ambayo abiria wa mabasi waliijua kwa chai na choo, ikawa makao makuu. Mafundi walipaka rangi vibao vya ofisi mpaka mikono yao ikawa ya bluu, na kila aliyekuwa na chumba cha ziada alikipangisha kwa karani mgeni. Baba yangu alikuwa na duka karibu na soko. Aliuza vitasa, balbu na ndoo kuliko alivyowahi kuuza maishani, na jioni alirudi nyumbani na habari za wakubwa waliokuja kununua misumari. Sisi watoto tulidhani mkoa ni kitu kitakachofika kwa lori, kishushwe pale uwanjani ili tukione. Hakikushushwa. Vumbi la barabara ya Arusha lilibaki lile lile, na vitu vya maana, dawa zikiwemo, viliendelea kuja kwa barabara hiyo hiyo.

Nyumba yetu na ya Mzee Amsi zilitenganishwa na ua huo wa minyaa. Mzee Amsi alikuwa Mwiraki wa kutoka Mbulu, Mlutheri, mkulima mwenye shamba Sigino, na mke wake tulimwita Mama Emanueli. Sisi tulikuwa Waislamu, Warangi. Tuliishi nao vizuri sana. Krismasi tulikula kwao, kuku wakiwa wamechinjwa na baba yangu mwenyewe ili kila mtu ale bila wasiwasi, na siku ya Idi Mama Emanueli alikuja mapema kwetu kumenya vitunguu. Ambaye hakutakiwa kuvuka ua ni Popi. Baba hakumchukia mbwa, nataka hilo lieleweke, wala hakuturuhusu kumrushia hata changarawe. Lakini mate ya mbwa ni najisi, na baba alipenda kusimama kwenye sala bila shaka yoyote, kwa hiyo akimwona mbwa njiani alivuka upande wa pili, na mbwa naye akivuka, baba alivuka tena. Majirani walimtania kwamba safari yake ya dukani ni ndefu mara mbili ya safari ya mtu mwingine yeyote.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mkaidi. Kila asubuhi, mama akishaenda sokoni, nilichukua andazi moja la chai yangu na kwenda kwenye pengo la ua nyuma ya jiko, ambako Popi alikuwa ananingoja akiwa amelaza kidevu chini. Siri yetu hiyo ilidumu miezi. Nilimsimulia mambo ya shule na ya madrasa, naye alisikiliza vizuri kuliko dada zangu. Asubuhi ya Ijumaa moja, wakati wa likizo, nilimpa andazi kisha nikabadili mawazo, nikalivuta ili nikate nusu yangu. Akalidaka pamoja na mkono. Aliniachia papo hapo, akarudi nyuma akilialia kwa pua kama kawaida yake akikosea, lakini matundu mawili yalikuwa yameshaingia chini ya kidole gumba na damu ilikuwa inatoka.

Sikulia. Nilichokifikiria kwanza hakikuwa maumivu. Wiki kadhaa nyuma mbwa mgeni alikuwa amepita mtaani kwetu akitokea upande wa Bonga, akitokwa na udenda, ameng'ata mbuzi wawili, akagombana na Popi barabarani kabla ya kuuawa. Tangu siku hiyo neno kichaa cha mbwa lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na vijana walikuwa wamekubaliana kwamba mbwa yeyote atakayemng'ata mtu apigwe marungu bila kuulizana. Popi hakuwa na chanjo. Siku ya kuchanja mbwa, kina Mzee Amsi walikuwa shambani Sigino. Kwa hiyo nikaamua kwamba hakuna atakayejua. Nilikuwa nimefundishwa kwamba chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwa akili yangu ya miaka tisa mkono nao ni chombo. Nilianza na udongo, ukaniwasha nikauacha, nikaendelea kwa sabuni ya mche na kopo la maji, nikihesabu, na kila nilipopoteza hesabu nilianza upya. Leo ninawaambia watu waziwazi wasipake udongo kwenye jeraha, hata kidogo. Lakini maji mengi na sabuni, kwa muda mrefu, ndiyo huduma ya kwanza ninayoisisitiza mimi mwenyewe kila siku, na siku ile niliitoa bila kujua.

Maji ndiyo yaliyonisaliti. Mama alirudi, akafungua pipa alilolijaza asubuhi, akalikuta nusu. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Baba alipofika kutoka sala ya Ijumaa, akiwa bado na kanzu, mama alikuwa ameshatokwa na machozi na mtaa mzima umeshajua. Nilitegemea kiboko. Baba aliushika mkono wangu tu, akautazama, uso wake ukabadilika rangi, akanipakia nyuma ya baiskeli tukaenda zahanati. Muuguzi aliosha tena jeraha, akanichoma sindano ya kwanza, akasema zinazofuata zitaletwa na gari la kutoka Arusha. Kisha akaitwa bwana mifugo, mtu mrefu mwenye buti za mpira aliyeitwa Bwana Lazaro. Hakuniangalia hata mkono. Aliuliza mbwa yuko wapi.

Baba akamwambia vijana wameshamwendea. Bwana Lazaro akashika kichwa. Alimweleza baba haraka haraka kwamba mbwa aliyemwambukiza mtu kichaa hafiki siku kumi baada ya kumng'ata. Atakataa chakula, atashindwa kumeza, atakufa. Akifika siku ya kumi anakula na kunywa, basi mtoto hakuambukizwa. Lakini akiuawa leo, kila mtu atabaki anabahatisha. Hakumaliza kusema. Baba alikuwa ameshanirusha juu ya baiskeli, na yule mwenye buti akatukimbilia nyuma akipiga kelele kwamba anafuata na mnyororo.

Sijawahi kumwona baba akiendesha vile, kanzu imekunjwa mpaka magotini. Tulipofika kwa Mzee Amsi, vijana saba au wanane walikuwa wamembana Popi kwenye kona ya ghala la mahindi, na mbele yao, rungu mkononi, alikuwa Mzee Amsi mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Baba aliiachia baiskeli nami nikiwa juu yake, nikaanguka nayo mchangani nikajiinua mwenyewe. Alipita katikati ya watu, akasimama akimpa mbwa mgongo, karibu kiasi kwamba pua ya Popi iligusa kanzu nyeupe ya Ijumaa. Leo mtu akisimama vile mbele ya mbwa anayeshukiwa nitamkaripia mpaka akome. Siku ile sikukumbuka hata kujikung'uta mchanga.

"Mtu asimguse," baba alisema. "Huyu mbwa akifa leo, sitajua kama mwanangu atapona."

Mzee Amsi alimjibu kwa ile sauti yake nzito ya milimani kwamba mbwa ni wake na aibu ni yake, amwache aimalize. Baba, ambaye kwa umri alikuwa mdogo wake na siku zote alimwamkia shikamoo, hakumpisha. Alimwomba siku kumi tu. Rungu likaanguka lenyewe kutoka mkononi mwa Mzee Amsi, na vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kazi nyingine.

Wenye mbwa walitakiwa Sigino kuvuna, na baba, hata kama wangebaki, hakumwamini mtu. Popi akafungwa kwa mnyororo kwenye banda letu la mbuzi lililokuwa tupu. Mbwa alivuka ua, tena kwa amri ya baba. Bwana Lazaro alikataza mtu yeyote kumshika, kwa hiyo baba alimsukumia bakuli la maji kwa reki, akachuchumaa mbali, akangoja mpaka aone koo linameza. Alfajiri alimtazama kabla ya kwenda msikitini na akirudi alimtazama tena. Alinunua utumbo buchani na kuuchemsha mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, nje, mama akimwelekeza kutoka mlangoni huku ameziba pua kwa kanga. Duka lilifunguliwa saa nne badala ya saa moja. Wateja hawakulalamika, walipofika waliuliza kwanza mbwa ameamkaje, ndipo wakasalimia. Mimi nilikatazwa kusogelea banda, nikawa nakaa kizingitini nikimwangalia Popi, naye ananiangalia, na nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Nilijua mimi ndiye niliyevuta lile andazi.

Siku ya sita, jioni, Popi alikataa kula. Baba alisukuma utumbo, Popi akanusa, akageuza kichwa. Baba akasukuma ugali, hivyo hivyo. Mbwa alikuwa amelala ubavu, anahema kwa shida. Baba aliiweka reki chini. Aliniita, akaniweka magotini pake kama mtoto mdogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, na nilisikia mapigo ya moyo wake mgongoni mwangu. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Kaka yangu alitumwa kumwita Bwana Lazaro, na muda ule wa kumngoja ndio mrefu kuliko wote niliowahi kuishi, mitihani ya chuo ikiwemo.

Bwana Lazaro alikuja, akachungulia, akamzunguka mbwa kwa umbali, akaomba maji yasogezwe. Popi akainua kichwa, akanywa, akameza, akanywa tena, akarudi kulala. Yule mtu akaanza kuuliza maswali. Leo amekula nini? Baba akasema utumbo wa alfajiri. Na mwingine? Mama akatoka ndani taratibu, akakiri kwamba alikuwa anampa ukoko wa wali kila mchana baba akiwa dukani. Mama Emanueli, aliyekuwa anarudi siku moja moja kutoka shambani, akasema na yeye huwa anamtupia mifupa kupitia kwenye ua kabla watu hawajaamka. Bibi wa nyumba ya tatu akakiri maziwa. Ikaonekana kwamba mtaa mzima, kila mmoja kwa siri na kwa nia njema, ulikuwa unahakikisha mbwa anakula. Tumbo la Popi lilikuwa gumu kama ngoma. Bwana Lazaro alisema mbwa huyu haugui kichaa, anaugua ujirani, na kwamba akiendelea kupendwa hivi hatafika siku ya kumi. Baba alisema Alhamdulillahi, akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake, akacheka mpaka akakohoa. Sisi wote tulicheka. Nilihisi mwili wangu umekuwa mwepesi kiasi cha kupeperuka.

Siku ya kumi, asubuhi, Popi alikuwa anabweka akidai chai. Bwana Lazaro alimfungua mnyororo, akanishika kichwa kwa mara ya kwanza, akaniambia nenda kacheze. Chanjo ya mbwa ilipotangazwa tena, kina Mzee Amsi walikuwa shambani kama ilivyo ada yao, na aliyempeleka Popi uwanjani ni baba yangu, kofia kichwani, kamba mkononi, akipita katikati ya soko huku wenye maduka wenzake wakimuuliza leo mbona havuki barabara.

Siku hizi barabara ya Arusha ni ya lami, na chanjo tunazitunza kwenye friji hapa hapa mjini. Watoto wa Nakwa, Sigino na Bonga huja uwanjani na mbwa wao wamejipanga foleni, na mimi ndiye ninayevaa buti. Tumefika mbali, na ninafurahi kusema hivyo. Ila bado napigiwa simu na mzazi anayeniambia, kwa fahari, kwamba mbwa amemng'ata mtoto lakini nisiwe na wasiwasi, wameshamuua. Hapo naandika mtoto amalize sindano zote, na usiku ambao mzazi yule ataukesha naujua.

Baba amezeeka. Hajawahi kufuga mbwa wala hatafuga, na nikimtembelea nikitoka kazini ananitengea kiti cha plastiki cha peke yangu, karibu na mlango. Mwaka huu nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: zile siku kumi alikuwa anaomba nini msikitini. Alisema alimwombea mbwa. Kila sala, kwa jina lake, Popi aamke, Popi ale, Popi ameze maji. Jina langu alijaribu kulitaja siku ya kwanza likamkwama kooni, akaona amtaje mbwa, Mungu ataelewa. Sikuweza kujizuia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Unalia nini sasa, Saumu?" akaniuliza. "Mbwa si alipona?"