Fundo la Upande wa Hasi

Anayedhani kutengeneza sabufa za magari ni kazi ya starehe hajapata kukohoa vumbi la ubao. Mselem amelikohoa tangu ujana. Akiamka asubuhi kiuno kimekamata, masikio yanamlia hata pakiwa kimya, na kwenye kucha kuna gundi ambayo hata Idi mosi haijapata kumkuta bila yake. Vijana wanaopita mtaa wa Mabawa wakitikisa madirisha ya watu hawamjui kwa sura. Wanachojua ni kwamba boksi lililo nyuma ya viti vyao halipasuki.

Kazi hiyo aliifanya na shemeji yake Sele, mume wa dada yake Kijakazi, uani kwa Sele. Mgawanyo wao haukuwa na utata: Mselem mbao, Sele nyaya. Mselem alipima, akakata, akabandika, akavisha kapeti. Sele aliingiza nyaya, akaunga spika, akafunga kila kitu garini. Hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake, na kama waligombana basi ni juu ya nani aende kununua chai. Kisha Sele akashikwa na homa, haikumchelewesha, akafariki. Kijakazi akakaa eda katika nyumba ileile, na Mselem akabaki uani na maboksi yasiyo na mtu wa nyaya.

Mbele ya wazee wa msiba Mselem aliahidi kwamba uani hapo hapatapigwa muziki mpaka dada yake atoke eda. Ahadi hiyo haikumpa tabu. Kusema kweli, muziki wenyewe ulikuwa umemchosha, na kuchoka huko hakupata kumwambia mtu yeyote. Alitaka kumaliza boksi moja lililobaki, auze msumeno, akae. Baada ya hapo angefanya nini hakujua, wala hakuwa na haraka ya kujua. Ila hakuwa na uso wa kumwambia Kijakazi kwamba kazi ya mumewe inamfuata mwenyewe kaburini.

Boksi lililobaki lilikuwa la Luqmani, kijana wa Muheza anayekodisha gari lake kubeba maharusi. Lilikuwa la spika mbili, zimekaa ubavu kwa ubavu. Sele alikuwa amelifikisha katikati: nyaya za spika zote mbili alikwisha kuziunga nyuma ya boksi kwa ndani, na spika ya kwanza alikwisha kuiunga na kuikaza kwa skrubu. Mahali pa spika ya pili palibaki tundu tupu na waya ukining'inia. Waya wenyewe ulikuwa mweusi mtupu pande zote mbili, maana Sele hakuwa mtu wa kununua waya wa rangi rangi. Ili kutofautisha chanya na hasi, upande mmoja ulifungwa fundo dogo.

Mselem aliligeuza lile fundo vidoleni. Akajiambia kwamba fundo ni alama, na alama huwekwa kwenye kitu cha maana. Basi hiyo ni chanya. Akaunga, akakaza skrubu, na Luqmani akaja kulichukua boksi lake kwa furaha. Mitambo mingine alikuwa nayo garini tangu zamani, kwa hiyo alikwenda kuliunga mwenyewe nyumbani.

Alhamisi akarudi, na furaha hakuja nayo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Vipi, limekubali?"

"Fundi, boksi bubu lile. Spika naziona kwa macho zinacheza, lakini mdundo haupo. Nikisogeza sikio nasikia kidogo, nikikaa kwenye usukani umekwenda zake. Na dada yangu anaolewa Jumamosi! Nimeshatamba Muheza nzima."

Mselem alilishusha boksi garini, akapitisha kiganja kwenye kila ungio, akatafuta mahali hewa inapovuja. Hapakuwapo. Kwa upande wa mbao boksi lilikuwa zima kabisa. Ubovu basi ulikuwa kwenye nyaya, na kwenye nyaya yeye alikuwa mgeni. Hapo, Mungu amsamehe, alisikia afueni. Likishindikana limeshindikana. Atasema bila Sele kazi haiendi, atafunga uani, na hakuna atakayemnyooshea kidole. Akafungua kinywa amwambie kijana alipeleke kwa fundi mwingine.

"Kaka Mselem," Kijakazi akaita kutoka nyuma ya pazia la mlango. "Njoo mara moja."

Aliingia. Dada yake alikuwa ameketi mkekani, uso umemkonda, mikono ameilaza mapajani.

"Lile fundo umeliunga wapi?"

"Kwenye chanya. Si ndiyo alama?"

"Kwani mimi nilikuwa nafunga mafundo kwenye chanya?"

"Wewe?"

"Nani tena? Sele akikata waya, mimi nafunga. Kila jioni, hapa hapa mkekani, huku tunawasengenya nyinyi wote. Fundo ni la hasi, kaka. Mwenyewe alikuwa akisema chanya kila mtu ataikumbuka, hasi ndiyo watu huisahau, kwa hiyo hasi ndiyo aiwekee alama. Chukua betri ya tochi, gusisha kule nyuma ya boksi zinakoungwa nyaya, halafu uziangalie spika. Utaniambia."

Mselem alitoka na betri, akagusisha. Spika ya Sele ikasukuma nje. Yake yeye ikarudi ndani. Akagusisha tena: moja nje, moja ndani.

"Ala!" Luqmani akasema. "Kumbe zinagombana."

Ndivyo ilivyokuwa. Moja ilisukuma hewa, nyingine ikaivuta, na mdundo ukafia palepale. Mselem aliinama na betri mkononi, na uchungu ambao hata makaburini haukumfika ukamfika hapo, mbele ya mteja. Sele alikuwa ameiacha kazi yake sawasawa. Aliyeivuruga ni yeye, kwa sababu miaka yote ile hakupata kuuliza fundo ni la nini.

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi. Alifungua skrubu za spika yake, akageuza nyaya, akakaza upya. Luqmani alitaka kuliwasha palepale. Mselem akamkatalia, akamwonyesha mlango wenye pazia, akamwambia aende kulijaribu mbali, kule uwanja wa mpira. Kijana akapakia boksi, akaondoka.

Uani palikuwa kimya. Kisha, kwa mbali, mdundo ukaanza. Haukuja kama muziki, maana wimbo wenyewe haukusikika. Ulikuja kwa chini, mzito, bati la choo likatetemeka kidogo, na Mselem akausikia katika nyayo. Nyuma ya pazia Kijakazi alikuwa analia, si kwa sauti kubwa. Mselem alimwacha alie.

Luqmani aliporudi meno yote yalikuwa nje.

"Fundi, umeua! Nina rafiki yangu ana gari kama hili. Nimlete lini?"

Maneno ya kumjibu Mselem alikuwa nayo tangu siku ya hitima. Alikuwa ameyapanga vizuri: amechoka, kazi amefunga, asante kwa yote.

"Mimi, bwana mdogo, hii kazi..."

"Amlete," sauti ya Kijakazi ikasema. "Mbao atakata kaka. Nyaya nitaunga mimi, nitaletewa boksi humu ndani."

Mselem aligeuka kulitazama pazia. Kiuno kilimuuma, masikio yalimlia, na msumeno alikwisha kuutafutia mnunuzi.

"Dada, mimi nimechoka," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

"Najua umechoka. Nakuona kila siku kwenye upenyo wa pazia hili. Lakini usiniache humu, kaka, sina cha kushika."

Luqmani alitazama chini, akachezea funguo za gari. Mselem alivuta kipande cha ubao, akakikalia, akamwambia kijana kwamba huyo rafiki yake aje baada ya harusi.