Mama Niliyemfuata Uwanja wa Ndege

Nilikuwa narudi Mtwara kumwozesha dada yangu, maana baba alishafariki. Sikuwahi kupanda ndege, na kuuliza watu naona aibu. Pale uwanjani Dar nikamsikia mama mmoja akiongea Kimakonde kwenye simu. Nikajua huyu wa kwetu, nikamfuata. Akikaa nakaa, akisimama nasimama. Alipopanga foleni, nikapanga nyuma yake.

Mhudumu akatazama tiketi yangu. "Kaka, hawa wanakwenda Mwanza. Wa Mtwara mlango wao unafungwa kule."

Mama akageuka. "Kumbe umepotea! Mie nimekumbatia pochi muda wote, nikidhani kibaka."

Foleni nzima ikacheka. Nikamweleza habari ya ndoa. Akanishika mkono kama mtoto, tukakimbia.

"Msifunge!" akawapigia kelele wahudumu wa mlangoni, abiria wa Mtwara wakisikia. "Mwizi wangu huyu, kesho anaozesha!"